Jinsi ya Kufikisha Kilio Dodoma

Hongera, Mheshimiwa Mwenyekiti. Joho limekukaa, picha yako imeshatundikwa ukumbini, na dereva wa gari lenye namba za SM ameshajua unapenda kusimama wapi kununua ndizi. Sasa limekuingia lile wazo la hatari ambalo huwaingia wenyeviti wote katika robo yao ya kwanza: kwamba halmashauri yako ina hoja ya msingi, na kwamba wabunge wakiisikia wataifanyia kazi. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Ni wenyeviti na mameya 184 wanaotaka kusikilizwa na Bunge moja, wengi wao katika miezi ileile ya bajeti, Aprili hadi Juni. Mwongozo huu hauahidi kukurusha foleni. Utakuonyesha foleni inaanzia wapi.

Jambo la kwanza, mbunge unayefunga safari kumfuata Dodoma ni mjumbe mwenzako. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamwingiza mbunge wa jimbo kwenye baraza lako la madiwani. Kwa maandishi, basi, kilio chako hakihitaji nauli wala posho ya kujikimu. Kinakaa naye ukumbi mmoja kila robo ya mwaka. Kwa vitendo, baraza huangukia wiki ya kamati za Bunge, na mbunge huwakilishwa na salamu. Katibu wake atasimama, atasema Mheshimiwa anawasalimu sana na yuko kwenye majukumu ya kitaifa, kisha atakaa na kufungua soda. Hakikisha udhuru huo umeandikwa kwenye muhtasari. Siku akija mwenyewe atauliza kwa nini hakushirikishwa.

Tena kuna jambo ambalo semina elekezi hazilisemi. Diwani anayesema vizuri leo ni mgombea ubunge wa kesho, na mbunge analijua hilo kuliko wewe. Kwa hiyo hoja yako ikiwa imefanyiwa utafiti, ina majedwali na imepangiliwa vizuri, yeye hataiona kama hoja ya halmashauri. Ataiona kama fomu ya kura za maoni. Dawa yake ni kumpa yeye. Mwambie mbele ya watu kwamba wazo lilikuwa lake, lilianzia kwenye ile ziara aliyofanya masika. Hakumbuki ziara yoyote ya masika, lakini hatakanusha.

Sasa chagua cha kuomba. Hapa wageni wengi huanguka, kwa sababu wananchi ndio waliowachagulia. Mwananchi anataka barabara. Barabara hizo si zako tangu TARURA ilipoanza kazi mwaka 2017. Anataka maji, ya vijijini yalikwenda RUWASA mwaka 2019. Anauliza kodi ya jengo lake inafanya nini. Kodi hiyo ilikabidhiwa TRA kwa bajeti ya mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu ananunua umeme wa taa na pasi na hapohapo amelipa, bila kuonana na yeyote wa halmashauri. Ushuru wa mazao umebaki kwako, ila mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Diwani wako atasimama kwenye mkutano wa hadhara, nyuma yake korongo lililoikata barabara, atoe maelezo yote haya kwa ufasaha. Mzee mmoja aliyekaa kwenye gogo atamuuliza TARURA inapigiwa kura lini.

Utashawishika kwenda Dodoma kudai vyanzo hivyo virudi. Usithubutu. Ni dai la haki, lina takwimu, na ndiyo maana halifai. Kumrudishia mtu chanzo kunamlazimu mtu mwingine kukiachia, na huyo mwingine ana ofisi, magari na malengo ya mwaka. Chagua ombi ambalo likikataliwa hakuna aliyepoteza, na likikubaliwa kuna wa kukata utepe. Na usijipe moyo kwa kusema kwamba hali haiwezi kuwa mbaya zaidi. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa nchi nzima, na zilirudi mwaka 1984. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile ya zamani, ilivunjwa Februari 2021. Ibara ya 145 ya Katiba inasema vyombo vya serikali za mitaa vitakuwepo. Haisemi vitaulizwa.

Ombi linalotimiza masharti yote mawili lipo, na ni tamu: omba kugawanywa. Sema halmashauri ni kubwa mno kijiografia. Zipo nyingi ambazo ni kubwa kweli, mgonjwa anatoka kata ya mwisho alfajiri akafika hospitali ya wilaya giza limeingia, lakini hata yako inayomalizwa kwa bodaboda inaweza kuwa kubwa kijiografia ukitaja mto unaofurika. Utaratibu wake ni starehe tupu. Mkutano mkuu wa kijiji unakubali, kamati ya maendeleo ya kata inabariki, baraza linapitisha, kamati ya ushauri ya wilaya inaridhia, ya mkoa inaridhia, kisha faili linakwenda TAMISEMI. Kila hatua ina muhtasari, kila muhtasari una orodha ya mahudhurio, kila orodha ina sahihi na madole gumba ya wino wa buluu. Faili likifika juu linabebwa na watu wawili.

Na jibu lake unalijua kabla hujauliza. Mbunge atasimama aulize ni lini Serikali itaigawa halmashauri hiyo ili kusogeza huduma kwa wananchi. Naibu Waziri atajibu kwamba maombi yamepokelewa, ila kwa sasa Serikali imejielekeza kukamilisha miundombinu kwenye maeneo ya utawala yaliyokwisha kuanzishwa. Uzuri wa jibu hili ni kwamba ni la kweli: mapya hayo mengine yalianza na ofisi za kuazima. Uzuri wake mwingine ni kwamba halifungi mlango, kwa hiyo swali linaweza kurudi mkutano ujao wa Bunge, na ule unaofuata, na wewe ukamaliza miaka mitano yote ukiwa mpiganaji wa wilaya mpya bila mtu kukuuliza choo cha soko.

Kuhusu maswali yenyewe, mbunge akishajibiwa swali la msingi anaruhusiwa mawili ya nyongeza. La kwanza litakuwa lilelile kwa sauti ya juu zaidi. La pili litamwomba Naibu Waziri aongozane naye baada ya Bunge akajionee mwenyewe, naye atasema yuko tayari. Nyumbani mtasikiliza kwa redio na kushangilia, na si vibaya. Mkisikia upembuzi yakinifu umetengewa fedha, chinjeni kuku. Maana yake kuna kijana atakuja na kamera ya miguu mitatu, atasimama njiani akichungulia, watoto watamfuata siku nzima, na hilo peke yake linatosha kuvusha uchaguzi mmoja.

Ikiwa hoja yako ni jengo, tafuta boma. Kila kata inalo: wananchi walichanga, wakafyatua tofali, wakapandisha ukuta wa zahanati hadi kwenye lenta, wakaambiwa Serikali itaezeka. Lile lenye mpapai uliootea chumba cha sindano ndilo bora. Mpapai usikatwe. Ni ushahidi, na ukianza kuzaa utakuwa ushahidi mzito zaidi.

Sasa tuje kwenye shilingi, maana hapa ndipo utamaduni wetu wa kibunge umefikia kilele. Kwenye bajeti ya TAMISEMI mbunge wako atapewa dakika chache. Atazigawa hivi: kumshukuru Mungu, kumshukuru Rais, kumshukuru Waziri na manaibu wake kwa majina, kutoa pole kwa msiba uliotokea jimboni, na mnamo kengele ya kwanza ataanza kutaja halmashauri yako. Akiona muda unamwishia atatamka kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi. Ukumbi utapiga meza. Shilingi yenyewe ni ya mshahara wa Waziri, inashikwa kwenye Kamati ya Matumizi, fungu kwa fungu, na kanuni zinaruhusu kabisa. Ni silaha halali ya kudai ufafanuzi. Waziri atainuka, atasema anamheshimu sana mchangiaji, jambo hilo analifahamu na liko mbioni. Mbunge atasema kwa maelezo hayo anamrudishia shilingi yake. Imekaa mkononi mwake dakika nne. Mwishoni atakuwa pia ameunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, kwa sababu kutoiunga mkono ni jambo linalohitaji maelezo kwenye chama.

Usimlaumu. Kwani bajeti unayotaka aibadilishe uliipitisha wewe. Baraza lako lilikusanya vipaumbele kutoka vijijini kwa mfumo wa fursa na vikwazo, watu wakataja visima, madawati, nyumba ya mganga. Kisha ukaja ukomo wa bajeti kutoka juu, na mchumi wa halmashauri akavipunguza usiku mmoja hadi vikaenea. Madiwani waligonga meza. Yamo kwenye muhtasari.

ALAT, jumuiya yenu ya tawala za mitaa iliyoundwa mwaka 1984, ndiyo njia rasmi ya kusema kwa pamoja. Nenda kwenye mkutano wake mkuu, lipa ada kwa wakati, pokea begi. Maazimio huwa mazuri. Mgeni rasmi huyapokea yakiwa yamefungwa vizuri.

Njia ya jukwaani ni ya heshima zaidi. Jaza basi dogo madiwani, wavae suti, wafike Bungeni kabla ya saa tatu, waache simu getini. Baada ya maswali Spika atatambulisha wageni waliopo ukumbini: wanafunzi wa shule fulani, kwaya fulani, na madiwani wa halmashauri yako, wageni wa Mheshimiwa fulani. Mtasimama. Mtapungia. Mtakaa. Hayo ndiyo maelezo mafupi kuliko yote ambayo halmashauri inaweza kuyatoa mbele ya wabunge wote kwa mpigo, na hakuna anayeyapinga.

Lakini ukitaka kusikilizwa kweli, kwa saa mbili au tatu, na wabunge waliosoma faili lako hadi viambatisho, ipo njia moja tu. Patwa na hoja ya ukaguzi.

Ripoti ya CAG huwasilishwa Bungeni Aprili, na ya serikali za mitaa inakwenda LAAC, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Mkiitwa mtakuta meza imepangwa. Mkurugenzi, ambaye ndiye afisa masuuli, anakaa mbele. Nyuma yake mweka hazina na maboksi ya nyaraka, mchumi, mwanasheria, mkaguzi wa ndani ambaye leo hakuna anayemsogelea. Wewe umo pembeni. Mjumbe anafungua ukurasa alioukunja: makusanyo ya mashine za POS katika kata mbili hayakufika benki, yametumika yakiwa fedha mbichi. Nani alikuwa anakusanya? Mkurugenzi anakohoa. Mweka hazina anapenyeza kikaratasi. Mkurugenzi anakisoma, anakigeuza, anakisoma tena. Kimeandikwa: “Alishahama.” Mjumbe anauliza kahamia wapi. Kinakuja kikaratasi cha pili. Na mkurugenzi mwenyewe, maskini, mwaka wa hesabu hizo alikuwa halmashauri nyingine, akijibu hoja za aliyemtangulia huko.

Tazama nyuso za wabunge hao, Mheshimiwa. Wanajua jina la kata. Wanajua namba ya stakabadhi. Wanajua kikundi kilichokopeshwa kwenye ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwamba hakionekani. Barua zako kuhusu zahanati hawajaziona hata moja, lakini zahanati wanaijua, kwa sababu CAG ameipiga picha, mpapai ukiwemo. Watahoji kwa nini haijaisha. Watasema wananchi wanateseka. Watasema yote uliyotaka kuwaambia, kwa ukali ambao wewe usingethubutu kuutumia, na watakulaumu wewe. Wakati mwingine hupanda magari wakaja hadi kwenye boma lenyewe, jambo ambalo hakuna risala iliyowahi kulifanikisha. Halmashauri yenye hati safi, wakati huo, imetajwa kwa sentensi moja pamoja na wenzake, ikapongezwa, na kusahaulika.

Sikushauri uibe. Wizi unakwenda TAKUKURU, na wasikilizaji wa kule ni wengine. Ninachoshauri ni kwamba mkaguzi akija, usimzungushe ofisini kwa chai. Mchukue asubuhi na mapema, mpeleke kwenye boma, mwache apige picha kwa nafasi, umtajie tarehe ulizoomba fedha na kiasi kilichokuja. Akiandika kwamba mradi umekwama, umepata mbunge wa kuusemea pasipo kumnyenyekea mtu.

Na mkirudi kutoka safari ya jukwaani, yule ofisa aliyechukua masurufu ya basi na chakula msimhimize mno kuyarejesha. Masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati ni hoja. Yakichelewa vya kutosha yataingia kwenye ripoti, ripoti itakwenda Dodoma, na barua ya mwito itakuja yenyewe, imetaja siku, saa, chumba na nakala ngapi za majibu zinahitajika.