Zima Hiyo XMP Kwanza

Mfyuu! Jamani, hivi hela siku hizi zinaokotwa? Kijana ana kompyuta yake ya mezani, prosesa Ryzen 5 5600X. Katikati ya gemu skrini inakuwa nyeusi tii, mashine inajiwasha upya. Anaipeleka kwa fundi, anaambiwa pawa saplai imechoka. Ananunua nyingine. Bado. Anaambiwa ni kadi ya grafiki. Anauza simu, ananunua. Bado! Na muda wote huo hakuna mtu aliyeingia kwenye BIOS kutazama ramu inakimbizwa kwa kasi gani.

Ramu imeandikwa 3600 ubavuni, basi mwenye mali anaamini 3600 ni haki yake. Si haki yake. Kwa prosesa ile AMD inaahidi ramu ya DDR4 mwisho 3200, na ukijaza nafasi zote nne ahadi inashuka chini ya hapo. Hiyo 3600 inakuja ukiwasha XMP, ule mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya ramu, na kuwasha XMP ni kuovakloki, yaani kupita kasi iliyoahidiwa, hata kama ni kubonyeza sehemu moja tu na hata kama muuzaji amekuwashia yeye dukani.

Ndani ya Ryzen kuna njia inayobeba data kati ya viini vya prosesa na ramu, inaitwa Infinity Fabric. Ramu ya 3200 inataka njia hiyo iende MHz 1600. Ya 3600 inataka 1800, na prosesa nyingi zinaimudu. Wapo wanaoisukuma 1900 na kupita, na huko ndiko nyingi zinakoshindwa. Umewaona wabeba zege wanavyorushiana ndoo mpaka ghorofani? Ukimharakisha wa chini peke yake, wa katikati ataangusha. Hapo ndipo Infinity Fabric inapoangusha mzigo, na mashine inazimika.

Na Windows haifichi kitu! Fungua Event Viewer, tafuta WHEA-Logger, inayoandika makosa ya vifaa. Ukikuta namba 18 na maneno "Bus/Interconnect Error", hilo ni kosa lililoua mashine, na kwenye Ryzen iliyoongezwa kasi mshukiwa wa kwanza ni hiyo njia na ramu yake. Ukikuta "Cache Hierarchy Error" inayotaja APIC ID ileile (namba ya kiini) kila mara, mshukiwa zaidi ni volti za viini zilizopunguzwa kwa Curve Optimizer. Namba 17 mara nyingi inatoka upande wa PCI Express: chomoa kadi, ichomeke upya, kama inapita kwenye kebo ya raiza iondoe, au shusha nafasi hiyo hadi kizazi cha 3.

Namba 19 ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu watu wanaipuuza. Eti kosa limeshasahihishwa, gemu linaendelea, shida iko wapi? Shida ni kwamba vifaa vinateleza kila saa na wewe umehifadhi humo picha za harusi na tasnifu ya dada yako. Hasara hii ya kupandisha kasi ina umri. Mwaka 1998 Celeron 300A, prosesa ya Intel, ilipata sifa kwa kupandishwa basi yake, yaani njia yake ya data, kutoka MHz 66 hadi 100 na kufika 450, lakini waliosimama njiani, pale 83, waliipandisha na basi ya PCI kutoka 33 hadi zaidi ya 41, na diski nyingi hazikuweza kuvumilia. Mafaili yakaharibika kimyakimya.

Sasa dawa. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya CR2032 kwenye madabodi kwa dakika chache, rudisha. Kila kitu kinarudi kilivyotoka kiwandani na XMP inazimika. Weka BIOS mpya. Acha MemTest86 ichape kazi usiku kucha, lakini usidanganyike ikipita, kwa maana makosa mengine hutokea mashine ikiwa imepumzika. Itumie hivyo siku kadhaa. Ikitulia, umeshapata mchawi wako; panda tena polepole, kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiishia 3200 hujapoteza chochote cha maana.

Ikiendelea kuzimika katika vipimo vya kiwanda, hapo kosa si lako. Hata watengenezaji hukosea: mwaka 2024 Intel ilikiri hitilafu kwenye prosesa za kizazi cha 13 na 14 na ikaongeza miaka 2 ya dhamana. Kwa hiyo rudisha mali dukani, dai chako bila aibu.

Nanyi mafundi wetu, nawaomba: kabla hamjamtuma mtoto wa watu akanunue kifaa, someni kwanza WHEA na muingie BIOS. Ni dakika kumi, na hazina gharama.