"Demise" ya Igunga

Msomi akitaka tanzia yake ya Kiingereza inukie udi, huliacha "death" akaandika "demise", utadhani marehemu kapandishwa cheo. Asili yake ni Kifaransa cha wanasheria: kukabidhi milki, hata kwa kupangisha tu. Mfalme akifa kiti kilimwendea mrithi, basi kifo nacho kikabandikwa jina hilo. Utasema maana imeshahama. Sawa, lakini mikataba ya upangaji bado inalitumia, na mpangaji anapumua. Chukua mfano wa jimbo la Igunga, Tanzania: Julai 2011, mbunge wake, Rostam Aziz, alijiuzulu. Uchaguzi mdogo wa Oktoba 2 ukampa kiti Dalaly Kafumu. Hiyo ndiyo demise kamili: bila sanda, bila matanga, na aliyekiacha kiti akaendelea na biashara zake.