Jani la Mgimbi Lenye Magurudumu Manne

Mama yangu ndiye aliyegundua. Nilikuwa nimeliegesha gari uani, jeusi, linang'aa kiasi kwamba jogoo alisimama mbele ya mlango wa dereva akimdonoa jogoo mwenzake aliyemwona mle ndani. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga, akalizunguka gari polepole, kisha akauliza limeanza kuugua lini.

"Kuugua nini, Mama?"

"Si tetekuwanga hiyo?"

Nikainama. Boneti, paa, milango ya upande wa kushoto: vijiduara vyeupe mamia kwa mamia, kila kimoja kama alama iliyoachwa mezani na kikombe cha chai cha mtu mdogo sana. Nikasugua kimoja kwa kidole, kisha kwa mate, kisha kwa ncha ya shati. Hakikutikisika. Jogoo akapata nafasi ya kuendelea na vita vyake.

Naomba nirudi nyuma kidogo, kama dereva wa lori aliyeipita njia panda ya Mwatate bila kujua.

Gari hili ni Toyota ya mkono wa pili, na mkopo wake utakwisha siku moja na karo ya kitindamimba wangu. Nilipokuwa Mombasa, fundi mmoja akanishawishi nilipige seramiki, ule mpako wa kulinda rangi. Alimwaga maji kidogo juu ya gari jingine lililokwisha kupakwa. Maji hayakutambaa. Yalijikunja yakawa shanga, shanga zikabiringika, zikaanguka chini kama zimefukuzwa.

Mimi ni mtoto wa vilima vya Taita. Jambo hilo nimeliona tangu utotoni, bondeni kwenye magimbi. Tulikuwa tukichota maji ya kijito na kuyamwaga juu ya jani, tukishindana nani atalilowesha. Hakuna aliyeshinda. Mvua ikitukuta njiani, jani lile lile likawa mwavuli. Tofauti ni kwamba jani la mgimbi halina bei, na huyu bwana alitaka shilingi elfu ishirini na tano.

Akaniambia ugumu wake ni "tisa H". Nikiwa mwalimu, nikajua anasema nini: ni kipimo cha penseli. HB ndiyo ile tunayowapa watoto, na 9H ni penseli ngumu inayokaribia kuchana karatasi. Kwamba ngozi ya gari langu ingestahimili mkwaruzo wa penseli kulinifurahisha kupita kiasi. Sijui ni nani aliyewahi kushambuliwa barabarani kwa penseli, lakini nililipa. Nyumbani nikasema elfu sita. Mke wangu alinyamaza. Yeye husoma watu vizuri, na ujumbe wa M-Pesa huusoma vizuri zaidi.

Fundi alinipa masharti kadhaa. Nilishika moja tu: maji hayashiki. Yaliyobaki yalishuka nayo hayo maji.

Wiki chache baadaye nikaenda Sagalla kumwona shemeji, kule ambako wakulima wengine huzungushia mashamba mizinga ya nyuki ili kuwazuia ndovu. Barabara ya vumbi. Vumbi la Tsavo ni lile linalowafanya ndovu wake waitwe wekundu, na niliposhuka Voi gari langu lilikuwa limebakiza mkonga tu. Nikaona haya kupanda nalo nyumbani Wundanyi hivyo. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Voi liko utosini, nikaingia mahali pa kuoshea magari.

Kijana alifanya kazi yake bila dosari. Sabuni, mpira wa maji, sabuni tena. Alipochukua kitambaa apanguse, nikainua mkono kama askari wa trafiki.

"Acha hivyo. Hili lina seramiki. Maji yanaondoka yenyewe."

"Mzee, maji haya ni ya kisima," akasema.

"Yawe ya kisima, yawe ya bahari."

Alinitazama kwa upole wa mtu anayelipwa kazi nzima kwa kufanya nusu. Tukasimama tukitazama shanga zikimetameta juu ya boneti. Mpita njia mmoja akapiga picha. Nikaenda kula wali na maharagwe. Niliporudi, maji yalikuwa yameondoka yenyewe kweli, kama nilivyosema. Sikuuliza yameacha nini.

Jibu lilikuwa kwenye birika la shemeji yangu, ambalo nililinywea chai asubuhi ile ile. Ndani lina ukoko mweupe mgumu kama ganda la yai. Watu huyaita maji ya chumvi, ingawa si chumvi ya kitoweo pekee: ni kalsiamu na magnesiamu ambazo maji hukusanya yakipita chini kwenye miamba. Jua likiyapiga, maji hupaa, madini hubaki. (Voi ina pia maji ya Mzima, yanayochujwa na mawe ya volkano ya Chyulu na kupitishwa kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, mbele ya macho ya Wataita wenye ndoo tupu. Hayo nitayalalamikia siku nyingine. Kijana alikuwa na kisima.)

Ubaya ni kwamba seramiki yenyewe ndiyo iliyozidisha fedheha. Kwenye gari la kawaida, maji hutandaa, yakikauka huacha utando hafifu ambao mtu anaweza kuusingizia uchovu. Kwenye gari langu yalijikusanya tone moja moja, na kila tone likabeba madini yake yote na kuyatua mahali pamoja, kwa mduara, kama mtu anayepiga mhuri. Nililipa ili maji yasitandae. Hayakutandaa.

Ningeyaondoa madini siku ile ile, tatizo lingekwisha. Lakini kulikuwa na matanga Werugha, kisha mitihani ya wanafunzi, na wiki mbili zikapita. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku ukungu hushuka kutoka Vuria na kulala juu ya kila kitu. Asubuhi gari lilikuwa limelowa, saa nne jua likatoka, likakauka. Maji ya ukungu ni safi, hayana kosa. Lakini yalikuwa yakiloanisha yale madini ya Voi kila usiku, na jua likiyaoka upya kila mchana, kama mtu anayerudia chapati ile ile kwenye kikaango.

Mama alipogundua, baraza likakaa. Jirani wa kushoto akapendekeza dawa ya meno. Mwendesha bodaboda akaapa kwa soda. Mama akasema majivu, kwa sababu hakuna sufuria iliyowahi kumshinda kwa majivu, na nilipokataa akaniuliza kama gari langu ni bora kuliko sufuria zilizonilea. Swali hilo sijalijibu hadi leo.

Mimi nikachagua siki. Ukoko wa birika huyeyuka kwa tindikali, basi na huu utayeyuka. Nikachanganya nusu siki, nusu maji ya mvua kutoka kwenye tangi, nikaloweka kitambaa laini, nikakilaza juu ya boneti kwa dakika moja, nikasuuza, nikapangusa. Zaidi ya nusu ya madoa yakatoka! Nikaimba. Shuleni kwa siku tatu walimu wenzangu waliuliza nani ameleta kachumbari.

Yaliyobaki hayakujali siki. Tindikali huondoa kile kilichokaa juu. Haya yalikuwa yamekula ndani, yamechimba vishimo vidogo kwenye ule mpako wa tisa H. Hakuna penseli iliyoligusa gari langu. Limeshindwa na tone la maji.

Jumamosi nikanunua chupa ya polishi. Nikachagua eneo la ukubwa wa leso kwenye boneti, upande wa dereva, nikasugua kwa mviringo, kwa subira, hadi bega likaniuma. Nikapangusa. Lo! Hapana doa hata moja. Pameng'aa kama kisogo cha askofu. Nikamwita mke wangu, nikamwita Mama, nikachukua kikombe cha maji ili waone yanavyojikunja.

Nikamwaga. Maji yakatandaa, yakalala kimya, bapa, kama yanavyolala juu ya gari la mtu yeyote.

Nikampigia fundi wa Mombasa. Alinyamaza kwanza, ule unyamavu wa daktari anayetafuta kiti.

"Umesugua mara ngapi, mwalimu?"

"Hadi yakatoka."

"Basi yametoka na seramiki yako."

Polishi, akanieleza, ni msasa uliosagwa ukawa laini. Hauoshi, unapunguza. Na mpako wote ule una unene wa mikroni chache tu. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa mikroni sabini hivi. Nilikuwa nimesugua kwa bidii ya mtu anayeng'arisha sinia la shaba. Tiba kamili ipo: kulisugua gari zima, kulitakasa, na kulipaka upya. Akanitajia bei. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akarudia ile bei kwa sauti, akaongeza, "Kumbe si elfu sita."

Mama ndiye aliyefunga kikao. Alipitisha kidole kwenye ile leso, kisha kwenye vipele vilivyoizunguka.

"Kwa hivyo palipopona ndipo pasipo na dawa?"

Siku hizi gari hulala nyuma ya nyumba, na mvua za vuli huliosha bila malipo. Nikishuka Voi silioshi. Narudi nalo likiwa jekundu, na ndovu wakilipita wadhani ni shangazi yao. Yule kijana wa kisima nilimtafuta nikampa hela ya soda na samahani. Nimebaki na nusu chupa ya siki na robo tatu ya polishi. Mwenye kuhitaji siki aje na bakuli. Polishi simpi mtu ninayempenda.