Sifa za Mkia Uliokatwa

Wazee wa lugha wanalalamika kwamba vijana wanakula mikia ya maneno. Mimi nasema wale, tena washibe. Silabi ya mwisho ya Kiswahili imejiponza yenyewe: mkazo hukaa kwenye ile ya pili kutoka mwisho, nayo hii inaning'inia nyuma kama abiria asiye na nauli. Ukimshusha, nani atamdai?

Msikilizeni mpiga debe pale stendi. Akitamka Morogoro nzima, gari la mwenzake limeshajaa. Yeye anaita "Moro! Moro!" na mkazo, kwa adabu zake, unahama kutoka "go" hadi "Mo" bila kuambiwa. Kondakta naye, kwa kukimbizana na mlango wa daladala, amekuwa konda, na wengi wao wamekonda kweli. Huko Nairobi dereva ni dere, Buruburu ni Buru. Bodaboda imebaki boda, maana kulisema jambo mara mbili ni ubadhirifu.

Sultani Majid aliupa mji wake jina la maneno matatu, Dar es Salaam. Sisi tunasema Dar. Salama tumeishusha njiani, na aliyewahi kukaa kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni hathubutu kuiulizia.

Madhara yapo, sikatai. Mtu akikwambia Kili ilimwangusha, hujui umpe pole ya mlima au ya bia. Lakini hata hapo umepata sababu ya kuendelea kuzungumza naye.

Kinachonishangaza ni upendeleo. Mshairi aliyebanwa na mizani nane za kipande akifupisha neno, tunasema ametumia inkisari, na wahakiki wanamwandikia sura nzima. Konda aliyebanwa na abiria mlangoni akifanya hivyo hivyo, tunasema anaua lugha. Ndugu yake akawa nduguye, mume wake akawa mumewe, "wasema nini" ikawa "wasemani", na hakuna mwalimu aliyechukua kalamu nyekundu. Ofisi za serikali, zinazotuhimiza Kiswahili fasaha, zinaandika Mhe. na Prof. katika kila barua: zimekata mkia, zikabandika nukta juu ya jeraha.

Mpiga debe angepewa nukta hiyo, leo angekuwa anaandika kumbukumbu za vikao.