Ukitaka Kumuua Mbuzi kwa Macho: Maelekezo kwa Mgeni wa Eastlands

Kwanza, hongera. Umeitazama The Men Who Stare at Goats, ile filamu ya 2009 ambamo George Clooney anamkodolea mbuzi macho hadi mnyama anadondoka, na sasa unajiuliza kama kazi hiyo haiwezi kufanyika huku kwetu. Inaweza, tena mtaa hujakosea. Vifaa vyote viko kwenye Barabara ya Juja, Nairobi: kambi ya jeshi upande mmoja, mbuzi wa soko la Kiamaiko mbele kidogo, na katikati nguzo za stima zilizobandikwa karatasi za waganga. Wamarekani iliwabidi wavitafutie bajeti vitu hivi. Sisi tunavipita kila asubuhi huku konda akidai nauli.

Ila kuna mitego, na wa kwanza ni kucheka mahali pasipofaa. Yule jenerali wa kwenye filamu anayeuvaa ukuta mbio akitarajia kutokea upande wa pili utadhani ametungwa na walevi. Hakutungwa. Meja Jenerali Albert Stubblebine, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa jeshi la nchi kavu la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, alijaribu kweli kupenya ukuta wa ofisi yake, na mwenyewe alimsimulia mwandishi Jon Ronson, ambaye kitabu chake cha 2004 ndicho kilichozaa filamu. Hoja yake ilikuwa ya kisomi: mtu ni atomu, ukuta ni atomu, na atomu sehemu kubwa ni uwazi mtupu. Kilichobaki ni kuchanganya uwazi na uwazi. Pua haikuelewa.

Yule kanali mwenye nywele ndefu anayewafundisha askari upendo naye ana mtu wa kweli nyuma yake. Jim Channon, afisa aliyepigana Vietnam, aliandika mwaka 1979 mwongozo wa kikosi alichokiita First Earth Battalion, ambacho wanajeshi wake wangeingia nchi ya adui wakiwa wamebeba wanakondoo mikononi na kuwasalimia watu kwa macho ya kung'aa. Sitaki kumvunja moyo marehemu, lakini askari akiingia Mathare na mwanakondoo mkononi, kabla hajafika katikati ya mtaa atakuwa ameulizwa mara kadhaa anauza bei gani. Na lile jambo la kuona mambo ya mbali kwa fikra tu lilikuwa mradi wa serikali uliodumu zaidi ya miaka 20, ukala takriban dola milioni 20, ukafungwa 1995 baada ya tathmini kuonyesha kwamba haujawahi kutoa habari ya kijasusi ya kumsaidia mtu. Sehemu iliyotungwa hasa ni ile safari ya Iraq.

Kwa hiyo usiende kujaribu ukuta wa kambi ya Moi Air Base pale Eastleigh. Hata kuukazia macho sikushauri. Ukuta ule hauna utani tangu tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini. Ochuka aliagiza itangazwe redioni kwamba serikali imepinduliwa, akiamini, nadhani, kwamba kitu kikishatamkwa kwa sauti ya kutosha huwa kimekuwa. Hiyo nayo ni nguvu ya fikra. Kabla ya jua kutua jeshi la nchi kavu lilikuwa limeshalizima jaribio hilo, na kikosi kizima cha anga kikavunjwa. Ochuka alinyongwa mwaka 1987.

Sasa njoo kwenye nguzo ya stima. Karatasi ni ile ile kutoka Kariobangi hadi Kayole: mganga wa Tanga, au wa Kitui, au wa Sumbawanga, hurudisha mpenzi, hufunga kesi, hupandisha cheo, huita pesa, huzuia wezi, nambari ya simu chini. Usimdharau. Kazi yake na ya yule jenerali ni moja, tofauti ni karatasi iliyopigwa chapa. Jenerali wa Marekani akiahidi kupita ukutani anaitwa mtafiti na analipwa pensheni. Mzee wa Kitui akiahidi hivyo hivyo anangojwa na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, tuliyoachiwa na mkoloni tangu 1925. Na ukweli usemwe, mzee ana gharama nafuu zaidi, na mteja wake anaonywa mapema kwamba kuna masharti.

Masharti ndiyo moyo wa jambo hili, kwa hiyo hapa tukae kidogo. Ukitaka kuunda kikosi cha wanajeshi wa nguvu zisizoonekana usihangaike na nguvu. Hangaika na masharti. Mtaalamu wa fani hiyo hakuwa Mmarekani, alikuwa jirani yetu wa Uganda, Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena kwa jina la roho iliyompanda. Kuanzia 1986 aliongoza maelfu ya watu kutoka Acholi kuikabili serikali ya Museveni. Walipakwa mafuta ya shea risasi zisiwaingie, wakabeba mawe yaliyoahidiwa kulipuka kama mabomu ya mkono, wakaenda vitani wamesimama wima wakiimba nyimbo za dini. Mapambano ya mwanzo walishinda, kwani na wewe ungekimbia. Mwaka 1987 walifika karibu na Jinja, kilomita 80 hivi kutoka Kampala, na hapo mizinga ikawasubiri.

Kikosi hicho kilikuwa na kanuni 20. Usivute sigara. Usinywe pombe. Usimpe mtu mkono ukiwa njiani kwenda vitani. Usijifiche nyuma ya kichuguu wala mti. Usiue nyuki wala nyoka, kwa sababu hao ni wenzako. Na ile ambayo kila msomaji huirudia mara mbili: kila askari awe na korodani mbili, zisizidi wala kupungua. Cheka, lakini angalia ufundi. Katika kanuni 20 hakuna binadamu asiyevunja hata moja, kwa hiyo risasi ikimwingia mtu si mafuta yaliyoshindwa, ni yeye. Lakwena alikimbilia Kenya, akaishi katika kambi ya wakimbizi ya Ifo kule Dadaab, akafa Januari 2007. Waliobaki uwanjani hawakutengenezewa filamu ya kuchekesha.

Wala wafuasi wa mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, katika Tanzania ya leo, ambao 1905 walikunywa na kunyunyiziwa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, kisha wakaiendea bunduki ya rashasha pale Mahenge. Lakini hao sitawatania. Mtu aliyechapwa viboko alime pamba ya bwana mwingine ana sababu ya kuamini maji. Jenerali mwenye ofisi yenye zulia alikuwa na sababu gani?

Basi twende Kiamaiko. Fika mapema, wakati malori ya kutoka kaskazini yanashusha. Utawakuta mbuzi wana alama za rangi mgongoni, kila tajiri na rangi yake, na dalali akipita katikati yao akiwabonyeza kiuno kwa vidole viwili kupima mafuta. Kelele zitakuvuruga akili. Mbuzi wa kambi ya Fort Bragg kule Marekani, wale ambao madaktari wa jeshi walijifunzia kutibu majeraha ya risasi, walikuwa wamefanyiwa upasuaji wasilie. Hawa hawajafanyiwa.

Chagua mmoja umkazie macho. Utagundua kwamba mboni yake imelala kama tundu la sanduku la sadaka, na mbuzi mwenye mboni ya aina hiyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, wewe ukiwa sehemu ndogo tu ya asubuhi yake. Atakutazama akitafuna. Utapepesa macho wewe kwanza. Hapo dalali atakuja, akuite mkubwa, akuulize unanunua ama unaangalia tu.

Na mbuzi akianguka kweli? Usishangilie bado. Mbuzi aliyekufa bila kisu wala bismillahi ni kibudu. Hapo hakuna atakayemgusa, mkaguzi wa nyama hatampiga mhuri, na mwenyewe atakudai bei ya mbuzi mzima, kichwa na ngozi pamoja. Hakikisha pia ni yupi aliyeanguka. Katika kitabu cha Ronson yumo mwalimu wa mapigano ya mkono mtupu aliyesimulia kwamba alimlenga mbuzi nambari 16, akaanguka nambari 17. Kule mbuzi wote walikuwa wa serikali. Hapa 16 ni wa mtu wa Moyale na 17 ni wa mtu wa Wajir, nao wote wawili watakuuliza, kwa adabu kabisa, ulikuwa unamwangalia nani.