Nondo Ziko Juu au Chini?

Tangu darasa la sita lifike kwenye mada ya kani, nyumbani kwangu hapakaliki.

Zamani mtoto akirudi shule alivua viatu, akala, akatoweka mpaka magharibi. Wangu anavua viatu, anatoa shikamoo, halafu anaanza ukaguzi. Anatikisa meza. Anakalia kiti cha plastiki na kuchungulia miguu inavyotanuka kwenye vigae. Juzi alinieleza, ugali mdomoni, kwamba kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka juu ya mawe, kwa sababu ncha tatu siku zote hukubaliana, ila ya nne ndiyo mkorofi. Mimi nimenunua meza ya miguu minne kwa pesa ya kukopa, na mguu wa nne unaishi juu ya kipande cha boksi. Nilihitaji kuambiwa?

Akahamia kitandani. Kitanda chetu kikiguswa kinalia, na miaka yote nilidhani ni unene wangu. Kumbe ni ile mbao ya katikati, inayobeba chaga. Binti akaleta rula, akailaza bapa, akaipinda kwa kidole kimoja. Akaisimamisha kwa ukingo wake, ikagoma. Kwa hesabu zake, mbao ya 2 kwa 6 iliyosimama wima ni ngumu kupinda mara 9 kuliko ileile ikilala chali. Mara tisa! Mbao haijaongezeka hata inchi, imegeuzwa tu. Yangu fundi aliilaza chali, na bei akaisimamisha.

Hayo nimeyameza. Lililoninyima usingizi ni sponji ya kuoshea vyombo. Aliichora mistari ya kalamu ubavuni, akaitandika juu ya vikombe viwili kama daraja, akaibonyeza katikati. Mistari juu ikasogeleana, chini ikaachana. "Umeona, baba? Juu inabanwa, chini inavutwa." Nikamwambia nimeona, aoshe vyombo. Hakuosha. Akaingia kwenye zege.

Zege, anasema, halina shida na kubanwa. Lirundikie ghorofa, litavumilia. Lakini livute, linapasuka mapema, maana uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ule wa kubanwa. Ndiyo kazi ya nondo, kwa kuwa chuma kinajua kuvutwa. Mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, Joseph Monier, alikuwa akitengeneza vyungu vya maua vya saruji, akavitia wavu wa chuma ndani ili visipasuke, na mwaka 1867 akapewa hataza. Maghorofa yote haya tunayojidai nayo mjini yana ukoo na chungu cha maua.

Ningefurahi kama somo lingeishia hapo. Halikuishia. Linta imeegemea ukuta huku na huku, kwa hiyo inavutwa chini, na nondo za kazi zikae chini. Lakini zege linalotokeza nje, kama lile la kukinga mvua juu ya mlango wetu wa mbele, limeshikwa upande mmoja tu. Hilo linainamia chini, kinachovutwa ni juu, na nondo lazima ziwe juu.

"Baba, zetu ziko juu au chini?"

Hilo ni swali la kumuuliza mzazi mwenye shinikizo la damu? Zege likishakauka nani anajua kilichomo? Ninachokumbuka ni siku ya kumwaga: vijana wenye gambuti wanapita na ndoo juu ya nondo, wanazikanyaga zinabonyea, na fundi mkuu yuko kwenye simu, anamwambia mwenye nyumba mwingine kwamba yuko njiani. Tangu niulizwe swali hilo naingilia mlango wa jikoni. Mama watoto anadhani nimeanza kumsaidia kupika.

Wazee wa Mji Mkongwe na Lamu hawakufundishwa kani na mtu, lakini vyumba vyao vya mawe ni vyembamba, karibu mita 3 upana, kwa kuwa boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua, na mwenye nyumba akatii. Siku hizi anayeamua ni picha iliyotumwa kwenye simu.

Sasa tanki. Hapa ndipo penye kesi yangu hasa. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji, newtoni 10,000 hivi, sawa na watu wazima kumi na wanne waliopanda juu ya stendi nyuma ya nyumba na kukataa kushuka. Stendi yenyewe ina miguu minne na fremu za mraba. Upepo ukivuma inacheza. Binti akachukua mirija ya juisi na pini: minne akaifunga mraba, akaisukuma kidogo, ukalala ubavu. Mitatu akaifunga pembetatu, akaisukuma, akaisukuma tena. Haikwenda popote. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande mmoja urefuke, ufupike au uvunjike. Angalia kenchi za paa lolote, pembetatu tupu. Kwa hiyo fundi wa paa anajua. Wa kuchomelea nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, stendi inacheza."

"Ah, hiyo itazoea, mzee."

"Chuma kinazoea nini?"

Binti akajipenyeza kwenye simu, akamwamkia vizuri, akamuuliza kwa nini hakuweka vyuma vya mshazari. Kukawa kimya kidogo, kisha fundi akasema, bila aibu wala haraka, "Mishazari ni kazi nyingine. Mzee aliniagiza stendi."

Kumbe stendi ina bei yake, na kusimama kuna bei yake! Anajua, tena anajua vizuri. Vipande vinne vya chuma, na kuchomelea kusingefika hata saa moja. Ananiuzia kwa awamu.

Na yote haya, kumbe, yalikuwa maandalizi tu ya kazi ya nyumbani: daraja la karatasi la kubeba kilo moja. Karatasi ngumu pekee iliyokuwepo ndani ni kadi za michango ya harusi, ambazo kwangu hazijawahi kukosekana. Kadi bapa ililegea hata kabla ya kuwekewa kitu. Akaikunja migongo midogo midogo, kama bati, ikakaza, kwa sababu ileile ya rula: mkunjo unaipa karatasi kimo. Akapanga kadi nne, akaweka sukari kilo moja, halafu ya pili. Likakaa. Miaka yote kadi hizo zimenibebesha mimi, leo zimebeba zenyewe.

Jana mwenyekiti wa kamati akapiga kuulizia ahadi yangu. Nikamwambia kadi yake iko shuleni, chini ya kilo mbili za sukari.

"Sawa, kaka," akasema. "Sasa sukari tuiandike shilingi ngapi?"