Heko kwa Maneno Mawili

Tuwape heko waandishi wa programu. Wakala wa akili mnemba haoni msimbo ulio ndani ya zana. Huchagua kwa kusoma jina lake, maelezo yake na orodha ya vitu inavyodai. Ndivyo ilivyo katika MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotoka Novemba 2024, na ndivyo ilivyokuwa hata kabla yake. Basi muungwana mmoja akaandika maelezo ya zana yake: “Hushughulikia data.” Kwisha! Hata mchoyo wa siri angeeleza kama tarehe 03/04 ni ya Machi au ya Aprili.

Chini yake ipo zana ya pili: “Hushughulikia data, mpya.” Ni sawa na mwuza dawa anayekupa bahasha mbili, zote zimeandikwa “dawa”. Au daladala yenye kibao “Inakwenda”. Ulitaka Mbagala ukashushwa Bunju? Abiria gani huyo asiye na imani!

Wakala naye, aliyeombwa aoneshe oda ya mteja, akaifuta. Kikao kikaketi, chai na sambusa, kikaafikiana kwamba modeli ni zuzu, inunuliwe kubwa zaidi.

Wapo wakorofi wanaotaka maelezo yenyewe yapimwe: mpe wakala maombi 100, hesabu mara ngapi ameshika zana sahihi, badili sentensi moja, hesabu tena. Mchana mzima upotee hivyo? Modeli kubwa inalipiwa kwa kila tokeni (kipande cha maandishi) inayoisoma, na sisi, alhamdulillah, tumebana matumizi: maneno mawili tu.